Nusu ya Nini? Maoni Juu ya Dhahabu ya Mkoa Wetu



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya dhahabu iliyomo katika ardhi ya mkoa wetu wa Mara, na juu ya kodi inayotozwa kwa wale wanaoichimba. Najua wako watakaosema kwamba jambo hili ni la wakubwa, wala halimpasi mwanafunzi wa Kidato cha Nne ambaye hajapata kulipa kodi yoyote. Nawajibu kwamba mwezi wa Novemba nitafanya mtihani wa mwisho, na barua ya kaka yangu imekwisha kunifikia, mama aliniletea siku ile wazazi walipokuja kututembelea. Kaka ananiita machimboni. Kwa hiyo jambo hili ni langu kuliko wanavyodhani.

Wenzangu wanakumbuka mdahalo tuliofanya bwaloni mwanzoni mwa muhula. Hoja ilikuwa kwamba wenye migodi mikubwa watozwe kodi zaidi kuliko sasa. Mimi nilisemea upande wa kukubali, na tulishinda kwa kura nyingi. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba siku hizi Serikali na kampuni ya migodi wanagawana nusu kwa nusu, na kwamba hata nusu hiyo haitoshi. Watu walipiga makofi. Kisha mtoto mmoja wa Kidato cha Pili, mdogo kwa umbo, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, akauliza, "Kaka, samahani, ni nusu ya nini?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikajibu kitu ambacho hakikuwa jibu. Usiku ule nilirudi bwenini bila raha, maana niliona wazi kwamba tulikuwa tumeshinda mdahalo bila kulijua jambo lenyewe. Tangu siku hiyo nimesoma nilichoweza kusoma katika maktaba yetu, nimewasumbua mwalimu wa Uraia na mwalimu wa Hesabu, na haya ninayoandika ndiyo majibu yangu kwa yule mdogo wangu.

Nianze na kitu ninachokijua vizuri. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nyumbani kwetu ni ufukoni mwa Ziwa, si mbali sana na hapa Suguti. Baba ana mtumbwi mmoja wenye mashine, na wavuvi wanne hutoka nao. Asubuhi wanaporudi mwaloni, samaki hupimwa mbele ya watu wote. Fedha ikipatikana, kwanza hutolewa gharama, yaani petroli, chakula cha wavuvi, na nyuzi za kushonea nyavu. Kinachobaki hugawanywa sehemu mbili. Nusu ni ya mtumbwi na nyavu, nayo ni ya baba, na nusu ya pili ni ya wale wanne. Hiyo ndiyo desturi, wala sijasikia mtu akiilalamikia. Lakini angalieni jambo moja. Nusu ile ni nusu ya kinachobaki, si nusu ya samaki. Na kinachobaki hutegemea gharama zilizoandikwa.

Baba huziandika katika daftari la shule, lile la kurasa mia moja. Nakumbuka siku moja nikiwa Darasa la Sita, mvuvi mmoja aliuliza kwa nini petroli imekuwa lita 10 ilhali ziwa lilikuwa shwari na hawakwenda mbali. Baba akafungua daftari. Wakahesabu pamoja, ikaonekana lita zilikuwa 7, baba alikosea kuandika. Akarudisha fedha iliyozidi pale pale mchangani. Hakukasirika, ingawa nadhani aliona haya kidogo. Yule mvuvi bado yumo katika mtumbwi wetu mpaka leo.

Sasa niseme habari za kaka. Yeye aliacha shule akiwa Kidato cha Pili, akaenda katika machimbo madogo ya dhahabu ya mkoa huu. Sitayataja jina, kwa maana sitaki kumletea shida. Huko kuna mwenye eneo, kuna mwenye duara, kuna mwenye fedha za kununulia magogo na chakula, kuna mwenye karasha la kusagia mawe, na chini kabisa wako wachimbaji wanaoteremka kwa kamba. Desturi yao ni kugawana mifuko ya mawe. Kaka alifanya kazi miezi minne. Siku ya kugawana mwenye duara alisimama, akasema gharama zake ni kadha wa kadha, akajitolea mifuko yake, akamtolea mwenye eneo, akamtolea mwenye karasha, na wachimbaji tisa wakabakiwa na mifuko michache. Kaka alipouliza gharama hizo zimeandikwa wapi, mwenye duara aligusa kichwa chake.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, na hapa kosa ni la kaka mwenyewe. Alipopata chembe zake hakuzipeleka katika soko la madini, bali alimwuzia mtu aliyekuja usiku na pikipiki, kwa sababu alisikia kwamba sokoni Serikali hukata kodi. Nimepiga hesabu yake pamoja na mwalimu. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017, mrabaha wa dhahabu ni 6 katika kila mia ya thamani yake, na ada ya ukaguzi ni 1. Tena wakati ule ushuru wa huduma wa Halmashauri ulikuwa 0.3 katika mia. Basi dhahabu ya shilingi 1,000,000 ingekatwa 73,000, kaka angebaki na 927,000. Yule mtu wa usiku alimpa 780,000. Kwa kuikimbia kodi ya Serikali kaka alilipa kodi mara tatu, akamlipa mtu asiyejenga zahanati. Nilipomwonyesha hesabu hii wakati wa likizo alinyamaza kitambo, halafu akasema kwamba yule mtu angalau alitoa fedha papo hapo.

Nataja haya ili msidhani kwamba nazungumza juu ya wageni tu. Wachimbaji wadogo ni watu wetu, nasi twawahurumia, lakini dhahabu inayotoka usiku imeibiwa kwa nchi sawa na ile iliyofichwa katika vitabu vya kampuni. Serikali iliona shida yao. Mwezi Februari 2019 sheria ilibadilishwa, ikaondoa kwa wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya 18 katika mia na kodi ya zuio ya 5 katika mia, kisha masoko ya madini yakafunguliwa mwaka huo huo, la kwanza likiwa Geita. Dhahabu nyingi ilianza kupita mlango wa mbele. Kumbe mtu mdogo akitozwa kwa kiasi na kwa uwazi hulipa. Jambo hili tuliokuwa upande wa "kodi kubwa zaidi" katika mdahalo hatukulitaja hata mara moja.

Nikirudi kwa migodi mikubwa, yafaa kujua tulianzia wapi. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilitungwa wakati nchi inatafuta sana wenye mitaji. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa 3 katika mia, na wenye migodi waliruhusiwa kurudisha kwanza fedha zote walizotumia katika kujenga kabla ya kuhesabiwa kuwa wamepata faida. Geita ilianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na North Mara, huko Nyamongo katika Wilaya ya Tarime, mwaka 2002. Kodi ya faida ya makampuni ni 30 katika mia, na mtu akisikia 30 huona ni kubwa. Lakini 30 ya sifuri ni sifuri, na miaka mingi migodi mikubwa ilisema haijapata faida. Ushuru wa Halmashauri nao haukuwa ule wa 0.3 katika mia. Mikataba iliuweka kuwa dola 200,000 kwa mwaka tu, mgodi utoe dhahabu kidogo au nyingi. Fikirini, bei ya dhahabu ilipanda mwaka hata mwaka, na fungu la Halmashauri likakaa palepale kama jiwe.

Watu walinung'unika, na mwezi Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuangalia jambo hili. Matunda yake yalionekana katika sheria mpya ya mwaka 2010. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kuwa 4, tena ukaanza kuhesabiwa juu ya thamani yote ya dhahabu kabla ya kutoa gharama. Wengi wetu tungelipita neno hilo "kabla ya kutoa gharama" bila kuliona, walakini ndilo lenye maana kubwa, kama vile samaki kupimwa mwaloni kabla mtu hajataja petroli.

Hapa ndipo nataka kusimama kidogo, maana ndipo nilipojibiwa swali langu. Ziko njia mbili za kupata haki yetu katika mgodi. Ya kwanza ni mrabaha, unaotolewa juu ya dhahabu yenyewe. Ya pili ni kodi ya faida, inayotolewa juu ya kinachobaki. Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya shilingi 100, na vitabu vinasema gharama ni 98. Faida ni 2, na kodi yake ni senti 60 tu. Lakini mrabaha ni shilingi 6, vitabu viseme vitakavyo. Sasa tuseme gharama ya kweli ilikuwa 60. Faida ingekuwa 40, na kodi shilingi 12. Zile shilingi 38 za gharama zisizokuwapo zimekwenda wapi? Huenda mgodi ulinunua mashine kwa bei ya juu kutoka kwa kampuni ndugu yake iliyoko nchi nyingine, au ulikopa kwake kwa riba kubwa. Sisemi kwamba kampuni fulani imefanya hivi. Nasema kwamba mlango huu upo katika kila nchi yenye migodi, na kwamba kuufunga kunataka watu wanaojua kusoma vitabu vya hesabu kuliko wale waliovitunga.

Mwenzangu mmoja aliyesoma makala hii kabla sijaileta kwako aliniuliza, kama ni hivyo, kwa nini tusitoze mrabaha peke yake, tena mkubwa, 20 au 30? Mwanzoni nilifikiri hivyo mimi pia. Lakini mrabaha hauangalii kama mwenye mgodi amepata au amekosa. Bei ya dhahabu ikianguka, mrabaha mkubwa huweza kuua mgodi ambao ungeendelea, na mawe yenye dhahabu kidogo yangeachwa ardhini kwa kuwa hayalipi. Bei ikipanda sana, mrabaha peke yake huchukua kidogo, na kodi ya faida ndiyo inayoweza kuchukua sehemu nono. Kwa hiyo zote mbili zatakiwa, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Nimebadili shauri langu katika jambo hili, nami sioni haya kusema.

Basi tufike mwaka 2017, mwaka ambao hata sisi tuliokuwa watoto wadogo tulisikia neno "makinikia" redioni kila siku. Mwezi Machi Hayati Rais John Magufuli alizuia mchanga wa madini usisafirishwe nje, na makontena 277 yakashikwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili zikatoa taarifa, ya Profesa Mruma mwezi Mei na ya Profesa Osoro mwezi Juni. Mwezi Julai kampuni ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, ndani yake dola bilioni 40 zikiwa kodi yenyewe na nyingine faini na riba. Kampuni ilikana. Kisha Barrick, iliyokuwa na hisa nyingi katika Acacia, ikaja mezani, na tarehe 19 Oktoba 2017 ikatangazwa kwamba wamepatana. Serikali itapata hisa 16 katika mia bila kuzinunua, kampuni italipa dola milioni 300 kumaliza madai, na manufaa ya migodi yatagawanywa nusu kwa nusu. Mwaka 2019 Barrick ikainunua Acacia yote, Januari 2020 mikataba ikatiwa sahihi na Kampuni ya Twiga ikaanza kazi, na mwezi Mei mwaka huo zikalipwa dola milioni 100 za kwanza.

Mimi ni mmoja wa wanaosema kwamba mwaka ule uliinua vichwa vyetu. Kabla ya hapo tulikuwa tukizungumza na kampuni kama kibarua anavyozungumza na tajiri. Sheria zilizotungwa mwaka ule zilitamka kwamba mali ya asili ni ya watu wa Tanzania, zikaiwezesha nchi kuirudia mikataba yenye masharti mabaya. Haya ni mema. Lakini kwa kuwa tuko shuleni, tufanye hesabu. Dola milioni 300 ni sehemu gani ya dola bilioni 190? Haifiki 2 katika 1,000. Kama tulidai haki, mbona tulikubali kidogo hivyo? Na kama kidogo hicho ndicho haki, mbona tulidai kingi hivyo? Nimewauliza watu wazima wengi, nao hugawanyika, wengine hukasirika. Mimi naona kwamba pande zote mbili za hesabu ile zinaonyesha ugonjwa mmoja. Kwa miaka karibu 20 daftari lilikuwa mkononi mwa upande mmoja. Siku ya kugombana sisi tulikuwa na makisio, nao walikuwa na vitabu. Mwenye duara aligusa kichwa chake.

Basi mdogo wangu wa Kidato cha Pili, nusu ile ni ya manufaa ya kiuchumi yatokayo katika migodi, na fungu la Serikali huja kwa njia ya kodi, mrabaha, ada na zile hisa 16. Ndiyo kusema ni nusu ya kinachobaki baada ya gharama kutolewa. Mwenye kuandika gharama ndiye anayeamua ukubwa wa nusu. Watanzania wanaokaa katika vikao vya Twiga kwa ajili yetu wakijua kusoma gharama, nusu itakuwa nusu. Wasipojua, au wakijua wakanyamaza, itakuwa nusu ya mabaki.

Wengi hupenda kukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama yake si mbali na hapa, alishauri madini yakae ardhini mpaka watoto wa nchi wapate ujuzi wa kuyachimba wenyewe. Nakubali, ila nadhani tumeuelewa ujuzi huo kwa ufinyu. Tunamfikiria mtu aliyevaa kofia ngumu akiendesha gari kubwa. Vijana wetu wengi sasa wanaendesha magari hayo, tena vizuri. Nani anafikiria mtu wa kuketi mezani na kikokotoo, akauliza kwa nini gurudumu moja la gari lile limenunuliwa kwa bei ya magurudumu mawili?

Sasa niguse jambo ambalo lilileta ugomvi katika mdahalo, mpaka Mwalimu wa zamu akagonga meza. Fungu letu likipatikana, ligawanywe kwa nani? Mwenzetu mmoja anayetoka upande wa Nyamongo alisimama akasema, "Ninyi watu wa Majita mna samaki, na sisi hatujapata kuja kudai hata kichwa cha sangara. Mbona mnataka dhahabu yetu?" Baadhi yetu tulimzomea, na hilo lilikuwa kosa. Alikuwa na haki ya kusikilizwa. Kwao ndiko mawe yanakopasuliwa kwa baruti. Kwao ndiko mashamba yalikochukuliwa. Mwezi Mei 2009 maji yenye sumu ya mgodi yaliingia katika mto Tigithe, na mwezi Mei 2011 watu waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini walipoingia kutafuta mawe ya dhahabu. Sisi wa Suguti hatukuzika mtu siku ile.

Hata hivyo sikubaliani naye kwamba dhahabu ni ya kwao. Nimesoma habari za Botswana, nazo zilinishangaza. Nchi ile ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa maskini sana. Mwaka uliofuata almasi ikaonekana Orapa, katika nchi ya Wabangwato. Rais wao, Seretse Khama, alikuwa Mbangwato mwenyewe, tena wa ukoo wa watemi. Angeweza kusema almasi hii ni ya kwetu. Badala yake mwaka ule ule wa 1967 sheria ikatungwa kwamba madini ni mali ya taifa zima. Kisha Serikali yake ikaongeza fungu lake katika kampuni ya almasi mpaka nusu, na shule na barabara zikafika hata kwa watu ambao hawajapata kuona jiwe la almasi. Nchi ile ina matatizo yake, nayo imetegemea almasi kupita kiasi, hata bei ikianguka huumia sana. Lakini haikupigana kwa ajili ya shimo.

Kwa hiyo nasema hivi. Watu wa Nyamongo walipwe kwanza, na walipwe vizuri, lakini walipwe kama watu waliopata hasara na usumbufu. Maji safi, fidia ya shamba kwa bei ya kweli na kwa wakati, na kazi kwa vijana wao, hayo yasiitwe zawadi ya kampuni. Baadaye Halmashauri ya Tarime ipate ushuru wake. Kinachobaki ni cha mtoto wa Nyamongo, wa Suguti, wa Mtwara na wa Pemba kwa kadiri ya mahitaji yao. Na kwa haki hiyo hiyo ushuru wa samaki unaokusanywa katika mialo yetu usikae Musoma peke yake. Nilipomwambia hivyo yule mwenzetu, tukiwa tunafua nguo kisimani siku ya Jumamosi, alisema, "Kama samaki wanaingia katika hesabu, tunaweza kuzungumza." Tumekuwa marafiki.

Jambo la mwisho linalonisumbua ni kwamba dhahabu huisha. Samaki huzaa, ingawa nao tunawamaliza kwa nyavu haramu, lakini jiwe halizai. Ukisafiri kwa basi toka Musoma kwenda Bunda utapita Kiabakari, ambako dhahabu ilichimbwa tangu wakati wa Waingereza. Babu yangu mzaa mama alifanya kibarua pale akiwa kijana. Nilimwuliza alipata nini. Alisema alinunua baiskeli, na kwa baiskeli ile alimpata bibi. Nilipomwuliza Kiabakari yenyewe ilipata nini, alifikiri sana, akasema ilipata mashimo. Huko Buhemba nako mgodi mkubwa ulifunguliwa tena karne hii ilipoanza, nao haukudumu hata miaka kumi. Wachimbaji wadogo wanaendelea kuhangaika katika mashimo yaliyobaki, na mara kwa mara yanawafukia.

Watu wa Norway walipopata mafuta baharini mwaka 1969 walijua kwamba yataisha. Wakatoza kodi ya faida ya mafuta ambayo leo ni 78 katika mia, na makampuni hayakukimbia. Tangu mwaka 1996 wanaiweka fedha inayozidi katika mfuko ambao hawaruhusiwi kula mtaji wake ovyo. Mtu ataniambia kwamba Norway walikuwa wameshiba tayari, na sisi wenye wanafunzi wanaokaa chini hatuwezi kuweka akiba. Ni kweli, wala sitaki fedha ikae benki huku mabweni yanavuja. Lakini nataka fedha ya mrabaha isichanganywe na fedha ya posho na mafuta ya magari. Iandikwe peke yake, na kila mwaka ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila kijiji: dhahabu iliyotoka ni kilo kadha, thamani yake kadha, gharama zilizotajwa kadha, tulichopata kadha, kilichojengwa ni hiki, na kiko mahali fulani, nendeni mkakitazame. Sasa hivi mtu akitaka kujua hayo ni lazima ajue kutafuta taarifa ndefu, nyingi kwa Kiingereza. Baba yangu hawezi kuzisoma. Lakini baba anaweza kusoma lita 10 na lita 7.

Narudi kwa kaka. Katika barua yake anasema wamepata duara jipya lenye mwamba mzuri, na kwamba nikija Desemba nitapata fedha ya kuanzia maisha kabla matokeo ya mtihani hayajatoka. Mama hataki hata kusikia. Baba amesema niamue mwenyewe, naye anaposema hivyo huwa ana maana kwamba ananitazama. Mimi sitaki kumdharau kaka, kwa maana nilipoingia Kidato cha Kwanza yeye ndiye aliyeninunulia sanduku, godoro na viatu, na fedha ile ilitoka shimoni.

Nimemjibu wiki iliyopita. Nimemwambia nitakuja kwa majuma matatu, lakini sitateremka kwa kamba. Nitakaa juu, mdomoni mwa duara, na daftari la kurasa mia moja. Kila mfuko utakaopanda nitauandika, na kila gharama itakayotajwa nitaiandika na siku yake, na jioni nitawasomea wachimbaji wote tisa pamoja na mwenye duara. Ujira wangu uwe mfuko mmoja. Nimemwomba amwulize mwenye duara kama anakubali.

Jibu bado sijalipata.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Suguti